Dawa za Mimea kwa Konokono wa Kayole: Madai na Majibu

Mvua ndefu zinapoanza Kayole, udongo mweusi uliopasuka tangu Januari hufunga nyufa zake, mitaro hufurika, na konokono hutoka. Hutoka chini ya mabaki ya mawe ya ujenzi, nyuma ya matangi ya maji, na katika mikunjo ya magunia ya sukuma wiki yaliyopangwa kando ya kuta za ploti kule Soweto na Matopeni. Hutoka pia katika mashamba madogo ya ukingo wa Mto Nairobi kuelekea Njiru. Usiku mmoja unatosha kukibakiza kitalu cha spinachi vijiti vitupu, na mwenye kitalu hicho mara nyingi ni mama mboga ambaye hana akiba ya kununua mbegu nyingine.

Konokono wakitoka, ushauri nao hutoka. Loweka ugoro. Chemsha mwarobaini. Kamua maziwa ya mnyaa. Nunua chupa hii kwa huyu kijana. Upande wa pili wapo wanaocheka yote hayo na kusema mkulima wa kweli hununua vidonge vya buluu. Pande zote mbili zinasema mengi yasiyo kweli. Ninayajibu moja baada ya jingine kwa sababu mboga hizi tunazila sisi na watoto wetu, na mikono inayochanganya dawa hizi mara nyingi haina hata glavu.

“Ni majani tu, hayawezi kumdhuru mtu.”

Hili ndilo dai linalonitia hofu kuliko yote, na sitalipita haraka.

Kinachoua katika maji ya ugoro ni nikotini. Mtumbaku huitengeneza ili usiliwe, na nikotini haichagui wa kumdhuru: hushambulia mishipa ya fahamu ya mdudu, ya kuku na ya binadamu vilevile. Haihitaji kumezwa, kwa maana hupenya ngozi. Wavunaji wa tumbaku huugua kichefuchefu, kizunguzungu na kutapika kwa kushika majani mabichi yenye umande, bila kuvuta hata sigara moja. Sasa mtazame mtu aliyemimina kopo zima la ugoro ndani ya ndoo, akaliacha usiku kucha, kisha asubuhi akakoroga kwa mkono mtupu huku mtoto yuko mgongoni. Hajui ameweka nikotini kiasi gani, kwa sababu ugoro wa muuzaji mmoja si sawa na wa mwingine. Nchini Marekani, ambako dawa za nikotini zilitumika mashambani kwa vizazi vingi, ya mwisho kusajiliwa ilikoma kuuzwa mwanzoni mwa 2014. Hizo zilikuwa dawa za kiwandani, zenye kipimo na maandishi ya onyo.

Hatari hiyo huifuata mboga hadi jikoni. Sukuma wiki huchumwa mfululizo. Jani lililonyunyizwa Jumatatu linaweza kuwa sufuriani Jumatano. Sehemu ya nikotini huingia ndani ya jani, na kuosha kwa maji hakuwezi kuitoa yote. Aliyenyunyiza anajua alichofanya. Aliyenunua fungu la shilingi ishirini pale Kayole Junction hajui.

Tumbaku ina madhara mengine ambayo wauzaji wa ushauri hawayataji. Virusi vya mozaiki ya tumbaku huishi muda mrefu sana katika majani makavu, na huambukiza nyanya na hoho. Anayemwagia miche ya nyanya maji ya ugoro ulioloweka bila kuchemka anaweza kuwa amefukuza konokono na kuleta ugonjwa usio na dawa.

Mnyaa, ambao Wakikuyu huuita kariaria, umepandwa kuwa ua wa boma katika sehemu nyingi za Nairobi. Ni kweli kwamba utomvu wa jamii ya mimea hiyo umejaribiwa kwa konokono wa majini na ukawaua. Ni kweli pia kwamba tone moja la utomvu huo likiingia jichoni huchoma vibaya, na wapo waliopoteza kuona kwa siku kadhaa. Mtu anayeuponda kwa jiwe, utomvu ukirukia usoni, hana nafasi ya pili. Utupa nao majani yake yametumiwa tangu zamani kulevya samaki. Ndani yake mna rotenoni, na hakuna aliyezaliwa kando ya ziwa au mto ambaye angeuita mmea usiodhuru.

Sisemi mimea hii isiguswe. Nasema ichukuliwe kama sumu, kwa sababu isingekuwa sumu isingemuua konokono.

“Mto Nairobi umeshakufa, kwa hiyo dawa ikitiririka haidhuru kitu.”

Mimea mingi inayoua konokono hufanya kazi kwa saponini, kemikali zinazotoa povu kama sabuni. Saponini hutoboa kuta za seli. Konokono wa majini hufa kwa sababu mwili wake laini umezama katika maji hayo, na samaki hufa kwa sababu matamvua yake yamezama vilevile. Viluwiluwi vya vyura navyo hupumua kwa matamvua.

Hapo ndipo dai linapoanguka. Mto huu umechafuliwa, hilo halina ubishi, na wakulima wa Njiru na Maili Saba wamemwagilia kwa maji taka kwa miaka mingi. Lakini vyura bado wapo katika mitaro na madimbwi ya kandokando, na vyura hula konokono wadogo na wale wasio na kombe. Anayemwaga mabaki ya ndoo yake mtaroni anawaua wasaidizi wake wa msimu ujao. Ng'ombe na mbuzi hunywa hapo pia. Na maji hayasimami Kayole: huingia Mto Athi, hushuka hadi Sabaki na kufika baharini karibu na Malindi. Kote huko njiani kuna watu wanaochota.

“Mwarobaini hutibu arobaini, hata konokono.”

Mwarobaini naupenda, na sifa zake nyingi ni za haki. Taasisi ya icipe hapa Kasarani iliufanyia kazi kubwa miaka ya 1990, ikawafundisha wakulima kutengeneza dawa ya mbegu zake dhidi ya wadudu. Lakini ni lazima tujue inavyofanya kazi. Azadiraktini, kiambato chake kikuu, huvuruga homoni inayomwezesha kiwavi kujivua ngozi ili akue. Kiwavi asiyeweza kujivua hafiki kuwa nondo.

Konokono hajivui ngozi. Hukua kwa kuongeza ukingo wa kombe lake kidogo kidogo, na kombe alilozaliwa nalo hufa nalo. Kwa hiyo mlango ambao mwarobaini hupitia kwa kiwavi haupo kabisa kwa konokono. Uchungu wake unaweza kumfanya asile jani lililopakwa hadi mvua ilioshe, na kuna majaribio ya maabara ambamo vipimo vizito vimewadhuru konokono. Shambani, kwa kipimo cha kawaida, usitarajie maiti. Utumie kwa vidukari na viwavi vya sukuma wiki, na huko utakusaidia sana.

“Haya ni mambo ya ushamba, hakuna sayansi.”

Hapa nageukia upande wa pili, na jibu langu linaanzia Ethiopia.

Mwaka 1964 mtafiti kijana Aklilu Lemma alikuwa Adwa akichunguza konokono wa majini wanaoeneza kichocho. Akaona kwamba pale wanawake walipofulia nguo, konokono wengi wamekufa, na juu ya hapo na chini ya hapo wako hai. Wanawake hao walifua kwa unga wa matunda ya endod, mmea ambao hata hapa Kenya unaota nyanda za juu na Wakikuyu huuita muhoko. Ulikuwa sabuni yao tangu enzi. Aklilu akachukua unga huo, akaujaribu, na konokono wakafa kwa kiasi kidogo sana ndani ya maji. Mradi wa miaka mitano ulifuata hapo Adwa, na miongoni mwa watoto wadogo kichocho kilishuka kutoka asilimia 50 hadi asilimia 7. Mwaka 1989 yeye na mwenzake Legesse Wolde-Yohannes walitunukiwa tuzo ya Right Livelihood.

Kati ya 1964 na 1989 ni miaka ishirini na mitano. Muda huo wote Aklilu alilalamika kwamba wakubwa wa utafiti na wa afya duniani hawakutaka kuamini kazi iliyofanywa na Waafrika katika maabara za Afrika, wakidai kila kipimo kirudiwe kwingine. Inaniuma kuisoma historia hiyo, kwa sababu watoto waliougua katika miaka hiyo walikuwa wa kwetu.

Na si endod peke yake. Ifakara, katika bonde la Kilombero nchini Tanzania, watafiti waliujaribu mti wa Swartzia madagascariensis maabara na kwenye madimbwi halisi, na matokeo yakachapishwa 1986: maganda yake yaliua konokono wa kichocho, ingawa dawa haikudumu majini. Huko Sudan, mwaka 1933, mtafiti Archibald alipendekeza mti wa Balanites upandwe kando ya mifereji ili matunda yake yakidondoka yaue konokono. Nchini China na Ufilipino, mashudu ya mbegu za chai, yenye saponini nyingi, hutumiwa katika mashamba ya mpunga dhidi ya konokono wa tufaha, huyohuyo ambaye tangu 2020 anaharibu mpunga wa Mwea. Anayesema mimea haina sayansi hajasoma sayansi yenyewe.

“Kama endod iliua konokono wa Adwa, basi itaua wangu.”

Hili husemwa na watu walioisikia habari hiyo ya Adwa nusu nusu. Tofauti iko katika maji. Konokono wa kichocho huishi ndani ya maji, na dawa ikichanganyika humo hana pa kukimbilia. Konokono wa gunia la sukuma wiki yuko nchi kavu. Ukimnyunyizia saponini hutoa ute na povu, hujivuta ndani ya kombe, na kusubiri. Dawa iliyobaki hunywewa na udongo, na udongo wetu mweusi wa Eastlands, ulio mzito na wenye kunata, hushika kemikali upesi. Kipimo kilichotosha bwawani hakina maana yoyote juu ya udongo huo. Aliye wazi zaidi ni konokono asiye na kombe, na konokono mchanga. Kwa hao, kunyunyiza moja kwa moja usiku wanapotembea kunaweza kufaa.

Kuna pia suala la mayai. Endod haiyadhuru sana mayai ya konokono, na saponini huoza ndani ya siku chache. Kuoza huko ni heri kwa mto na hasara kwa mkulima. Konokono wetu mkubwa wa Afrika Mashariki, Lissachatina fulica, ambaye kwao ni pwani hii yetu na sasa amesambaa hadi Asia, Pasifiki na Florida, hutaga mayai 100 hadi 400 kwa mkupuo mmoja. Huyafukia udongoni. Ukinyunyiza leo na usichimbue mayai, wiki mbili baadaye kitalu kina wageni wapya ambao dawa yako haikuwagusa.

Jambo la tatu ni aina ya mmea. Matunda ya endod ya kilima kimoja hayalingani kwa nguvu na ya kilima kingine; ndiyo maana Waethiopia walitumia miaka kuchagua mbegu bora, na ile waliyoiita namba 44 ikashinda. Muhoko uliochumwa njiani kuelekea Kinangop huenda usiwe na nguvu hiyo. Na ng'ombe wakiula, huwaua.

“Masalio ya kahawa na kitunguu saumu vinatosha.”

Hapa kuna ukweli uliotiwa chumvi. Mwaka 2002 watafiti wa Hawaii waliandika katika jarida la Nature kwamba maji yenye kafeini asilimia 2 yaliwaua konokono wa bustani za okidi, na hata asilimia 0.01 ilipunguza hamu ya kula ya konokono wasio na kombe. Lakini kikombe cha kahawa ya unga kina kafeini ya takriban asilimia 0.05. Kwa hiyo kahawa ya nyumbani inaweza kumkera konokono. Kumuua ni mbali, na masalio yaliyokwisha kuchujwa yana kafeini kidogo zaidi. Watafiti hao hao waliona kuwa asilimia 2 iliunguza baadhi ya mimea, letusi ikiwemo. Saumu nayo ilijaribiwa katika Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, na ikaonekana kuwafukuza konokono vizuri, lakini ilikuwa saumu iliyokolezwa kiwandani. Punje tatu zilizopondwa katika lita ishirini za maji hazifiki hapo. Kwa gharama ya saumu siku hizi, ningeipika.

Chumvi isiyo ya mfano, ile ya jikoni, nayo hupendekezwa. Humuua konokono, halafu huua udongo wa gunia. Iache.

“Vidonge vya buluu ndiyo dawa ya kisasa na salama.”

Vidonge vingi vya buluu ni metaldehidi. Vinaua konokono kweli. Vinaua na mbwa, na kuku wa jirani, na rangi yake humvutia mtoto anayejifunza kutembea. Uingereza, nchi yenye mvua na konokono wa kutosha, ilipiga marufuku matumizi yake nje ya nyumba kuanzia mwisho wa Machi 2022 kwa ajili ya ndege na wanyama wa porini. Katika ploti ya Kayole, ambako gunia la mboga, kamba ya nguo, kuku na watoto wote wako katika uwanja mmoja, sioni mahali salama pa kuvitawanya. Vipo vidonge vya fosfeti ya chuma, ambavyo humfanya konokono aache kula na afe taratibu bila hatari kubwa kwa wanyama wengine. Ukivipata vikiwa vimesajiliwa, hivyo ni bora kuliko metaldehidi na kuliko ugoro.

“Anayeuza dawa ya mimea kwenye chupa ya soda anaisaidia jamii.”

Huenda nia yake ni njema. Sheria ya Bidhaa za Kudhibiti Wadudu, Sura ya 346, iko tangu 1982, na inataka dawa yoyote ya kuua wadudu au viumbe waharibifu isajiliwe na bodi ya serikali kabla ya kuuzwa, iwe imetoka kiwandani au mtini. Watu huiona kama kikwazo kwa maskini. Mimi naiona kama haki ya maskini ya kujua anachonunua. Chupa ya soda haina jina la mmea, haina kipimo, haisemi usubiri siku ngapi kabla ya kuchuma, haisemi ufanye nini mtoto akinywa. Na mtoto atainywa, kwa sababu ni chupa ya soda. Daktari wa zamu akiulizwa saa sita za usiku alichomeza mtoto huyu ni nini, mama hatakuwa na jibu la kumpa.

Kaunti ya Nairobi ina sheria yake ya kukuza kilimo cha mjini tangu 2015. Ingekuwa jambo la maana sana kama maafisa wa kilimo wangefika katika magunia ya Matopeni kama wanavyofika katika mashamba ya maonyesho, wakaeleza haya kwa lugha ya watu.

“Mbona kwangu ilifanya kazi?”

Hili ndilo jibu ninalopewa mara nyingi, na linastahili heshima kwa sababu mtu anasema alichokiona kwa macho yake. Alinyunyiza, na baada ya siku tano konokono hawakuwepo. Lakini konokono hutegemea unyevu. Mvua ikikatika, hujichimbia au hujibana ukutani, huziba mdomo wa kombe kwa utando mkavu, na hulala miezi. Aliyenyunyiza siku za mwisho za mvua angewaona wakitoweka hata kama angenyunyiza maji matupu. Wengine waliotoweka walihamia gunia la jirani.

Njia ya kujua ipo na ni rahisi. Chukua magunia yanayofanana, nusu uyanyunyizie dawa yako na nusu maji ya bomba, usiku uleule wa mvua. Toka na tochi saa mbili za usiku, hesabu konokono katika kila gunia, uandike. Fanya hivyo kwa majuma matatu. Wakati huohuo fanya kazi ambayo haina ubishi: mwagilia asubuhi badala ya jioni, ondoa mawe na mbao zilizolala chini, laza gunia bichi usiku na alfajiri uligeuze uwakusanye waliojificha chini yake, chimbua mayai meupe yenye ukubwa wa mbegu ya mpapai katika udongo wa juu na uyaponde. Vaa glavu au mfuko wa plastiki mikononi, maana konokono hubeba minyoo inayoweza kumdhuru mtu, kisha nawa kwa sabuni.

Kama magunia ya dawa yatakuwa na konokono wachache kweli, andika ni mmea gani, gramu ngapi, katika lita ngapi za maji, na ulichuma mboga baada ya siku ngapi. Mpelekee karatasi hiyo afisa wa kilimo wa wadi yako, na nakala umpe jirani arudie kwenye magunia yake mvua fupi zikianza Oktoba.